UZI: Programu ipi ya mashine pepe inamfaa anayeanza, mwenye kompyuta ya mtumba yenye RAM ya GB 8?

Kijana_Chikongola

Habari za wakati huu, wakubwa kwa wadogo. Mimi ni mwanafunzi wa stashahada ya teknolojia ya habari hapa Mtwara mjini, mwaka wa kwanza, na muhula huu tumeanza somo la mifumo endeshi, yaani programu mama za kompyuta kama Windows na Linux, pamoja na somo la mitandao. Mwalimu ametaka kila mmoja wetu awe na Linux ya kufanyia mazoezi. Kompyuta niliyo nayo, hata hivyo, ndiyo hiyo hiyo ambayo dada yangu huitumia kuandaa hesabu za duka lake, kwa hiyo siwezi kufuta Windows wala kuigawa diski kwa majaribio. Nimeelezwa kwamba njia salama ni mashine pepe, yaani kompyuta inayoendeshwa na programu ndani ya kompyuta nyingine, ikiwa na diski yake, kumbukumbu yake na mfumo endeshi wake.

Kinachonisumbua ni uchaguzi. Mmoja ananiambia nichukue VirtualBox, mwingine anasema VMware ndiyo ya watu wa kazi, na wa tatu anadai nisipakue chochote kwa sababu Windows ina Hyper-V yake yenyewe. Kompyuta ni HP ya mtumba, kichakataji ni Core i5 ya kizazi cha sita, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ni GB 8, diski ni ile ya kuzunguka ya GB 500, na Windows ni 10 Home. Intaneti yangu ni bando la simu, hivyo kila ninachopakua nakipigia hesabu kwanza. Naomba mnieleze nianze na ipi, na zaidi naomba sababu, ili kesho asije mwingine na jina jipya akanibabaisha tena.

Fundi_Lindi

Kijana wetu, umefanya vema kutaja sifa za kompyuta kabla ya kuuliza, kwa sababu jibu limo humo humo. Wengi huzishindanisha programu hizi kwa ubora wao, ilhali kwa anayeanza kinachoamua ni kompyuta aliyo nayo na kazi anayoikusudia. Ubora wa programu unafuata nyuma ya hayo mawili.

Tuanze na kichakataji. Intel walianza kuweka msaada wa mashine pepe ndani ya vichakataji vyao mwishoni mwa mwaka 2005, na AMD wakafuata mwaka 2006, kwa hiyo Core i5 ya kizazi cha sita inao bila shaka yoyote. Hata hivyo, kuwa nao hakumaanishi kwamba umewashwa, na kompyuta nyingi za mtumba hutufikia ukiwa umezimwa. Fungua Task Manager, nenda sehemu ya Performance, bonyeza CPU, kisha soma mstari wa Virtualization. Ukikuta umeandikwa Disabled, zima kompyuta, iwashe tena huku ukigusagusa kitufe cha F10 kwa kuwa yako ni HP (Dell hutumia F2, na Lenovo nyingi ni F1 au F2), kisha ndani ya BIOS, yaani mipangilio ya msingi inayofunguka kabla Windows haijawaka, utafute palipoandikwa Virtualization Technology. Mwenye kompyuta ya AMD mara nyingi atakuta pameandikwa SVM Mode. Washa, hifadhi, toka. VirtualBox tangu toleo la 6.1 haiendeshi mashine yoyote bila msaada huo wa kichakataji. Vijana wanaokuja kwangu wakisema programu ni mbovu huwa nawarudisha kwenye BIOS kabla sijasikiliza jambo jingine lolote.

Sasa mshauri wako wa tatu. Hyper-V ni programu nzuri, ilianzia kwenye Windows Server 2008 na ikaingia kwenye Windows za kawaida kuanzia Windows 8, lakini hutolewa kwa matoleo ya Pro, Enterprise na Education pekee. Wewe una Home. Zipo skripti zinazosambazwa mitandaoni za kuilazimisha iingie kwenye Home. Usiziguse, kwani kompyuta yenyewe ni ya dada na hesabu za duka zimo humo.

Zimebaki mbili. Ushauri wangu kwako ni VirtualBox, na sababu nitakazotoa ni zile zinazokuhusu wewe hasa. Kwanza faili lake la kusakinisha ni dogo, halifiki MB 200, na hupakuliwa moja kwa moja bila kujisajili popote. Pili inafanya kazi kwenye Windows, Linux na Mac kwa sura ile ile, hivyo ukibadilisha kompyuta hutajifunza upya. Tatu, maelezo ya wanaoanza yaliyoandikwa kwa ajili yake ni mengi mno, na kwa mtu anayesoma peke yake usiku jambo hilo lina uzito kuliko kasi ya picha. Nne, inakupa snapshoti bila malipo: unahifadhi hali ya mashine ilivyo, unavuruga utakavyo, kisha unairudisha pale ilipokuwa. Mwanafunzi wa mifumo endeshi anayeogopa kuvuruga hajifunzi kitu, kwa hiyo ningekushauri uchukue snapshoti ya kwanza mara tu Linux inapomaliza kusakinishwa, kabla hujagusa chochote.

Jambo moja la leseni, kwa kuwa watu hulipita bila kulisoma. Programu yenyewe ya VirtualBox ni ya chanzo huria, iko chini ya leseni ya GPL. Iliandikwa na kampuni ya Kijerumani iitwayo Innotek, ikanunuliwa na Sun Microsystems mwaka 2008, na Sun nayo ikamezwa na Oracle mwaka 2010. Pembeni yake kuna kifurushi cha nyongeza kiitwacho Extension Pack, ambacho hakiko chini ya GPL. Ni bure kwa matumizi binafsi na ya masomo, lakini kampuni na ofisi zinatakiwa kukilipia. Zamani wanaoanza walikihitaji ili flashi za USB 2 na USB 3 zionekane ndani ya mashine pepe. Tangu toleo la 7.0 la mwaka 2022 msaada huo umehamia kwenye programu yenyewe, kwa hiyo maelezo ya zamani yanayokuambia lazima ukipakue yamepitwa na wakati. Kiache.

Mzawa_Mikindani

Naheshimu maelezo ya Fundi, lakini naomba nitofautiane naye kidogo. VMware Workstation imekuwapo tangu mwaka 1999, na mimi nimezitumia zote mbili kwa muda mrefu. Kwa mashine pepe yenye mazingira ya picha, hasa Windows ndani ya Windows au Linux yenye madoido ya skrini, VMware ni nyepesi zaidi machoni na haigandi ovyo. Hoja iliyokuwa ikiwafukuza wanaoanza ilikuwa bei, na hoja hiyo imekwisha. Baada ya Broadcom kuinunua VMware mwezi Novemba 2023, toleo la Pro lilifanywa bure kwa matumizi binafsi mwezi Mei 2024, na kuanzia Novemba 2024 likawa bure kwa kila mtu, ofisi na kampuni zikiwamo. Kwa maana hiyo, anayeanza leo anapewa bila malipo kile ambacho sisi tulikuwa tukikitazama kwa mbali.

Ndugu mwuliza swali, tahadhari na maelezo ya zamani yanayokutuma kwenye VMware Player. Toleo hilo limesitishwa, na hata lilipokuwepo halikuwa na snapshoti. Tafuta Workstation Pro. Na mtu akikuuzia flashi yenye VMware pamoja na namba ya siri ya kufungulia, mwambie ahsante, kwa kuwa programu haihitaji tena namba hiyo, na kilichomo ndani ya faili la kufungulia hakuna anayekijua.

Fundi_Lindi

Mzawa, kuhusu picha sibishani nawe hata kidogo. Kijana huyu angekuwa na RAM ya GB 16, diski ya SSD (ile ya kasi isiyozunguka) na intaneti ya ofisini, na angekuwa anataka Windows ndani ya Windows, ningemwelekeza huko bila kusita. Lakini tazama hali yake. Faili la VMware ni kubwa kuliko la VirtualBox, na ili kulipata lazima afungue akaunti kwenye tovuti ya Broadcom, ajaze anwani, kisha azunguke ndani ya kurasa ambazo hata wazoefu huzilalamikia. Kazi anayoitaka ni kuandika amri za Linux na kuunganisha mashine mbili kwa mtandao. Kasi ya picha haimwongezei alama darasani.

Kuna jambo jingine ambalo hatujaligusa, nalo ndilo chanzo cha malalamiko mengi kwamba VirtualBox ni nzito. Windows yenyewe ina vipengele vinavyotumia ule ule msaada wa kichakataji: Hyper-V, kingine kiitwacho Virtual Machine Platform, na ulinzi uitwao Memory Integrity ulio ndani ya Windows Security. Kimoja tu kikiwa kimewashwa, Windows huwa ndiye mpangaji wa chumba cha ndani, na VirtualBox inalazimika kupitia kwake kila inapotaka kichakataji. Utaijua hali hiyo kwa alama ndogo ya kobe wa kijani chini ya dirisha la mashine pepe. Mashine inafanya kazi, ila kwa mwendo wa kobe huyo huyo. VMware nayo hupitia njia hiyo hiyo ya Windows inapobidi, kwa hiyo kuhamia kwake si dawa ya moja kwa moja.

Kwenye Windows 10 Home ya kompyuta ya zamani, vipengele hivyo kwa kawaida huwa vimezimwa. Kwenye kompyuta mpya zenye Windows 11, Memory Integrity mara nyingi huja ikiwa imewashwa kutoka kiwandani. Ukimwona kobe, fungua orodha ya vipengele vya Windows, ondoa alama kwenye Hyper-V, Virtual Machine Platform na Windows Hypervisor Platform, kisha washa kompyuta upya. Memory Integrity ni ulinzi wa kweli dhidi ya programu hasidi, kwa hiyo kuizima ni uamuzi unaopaswa kufanywa na mwenye kompyuta kwa kujua anachokiacha. Mimi kwenye kompyuta yenye hesabu za watu siizimi, navumilia kobe.

Binti_Masasi

Naomba kuuliza kwa sababu hamjaitaja: vipi kuhusu WSL, ile njia ya Microsoft ya kuendesha Linux ndani ya Windows? Mimi kwenye Windows 11 Home niliandika amri moja tu, `wsl --install`, nikapata Ubuntu, mojawapo ya aina za Linux, bila kupakua programu ya mashine pepe. Je, kijana hawezi kuishia hapo?

Fundi_Lindi

Dada, WSL ni nzuri kwa anayetaka amri za Linux tu, na kweli inafanya kazi hata kwenye Home. Kwa mtu anayeandika programu za Python au tovuti, ningesema aanze nayo na aiache mada hii yote. Kwa kijana huyu haitoshi, kwa kuwa katika WSL hutasakinisha mfumo endeshi kuanzia mwanzo, hutagawa diski, hutaona jinsi mashine inavyowaka, na hutajenga mtandao wa mashine mbili zenye kadi zake. Mambo hayo ndiyo somo lake. Isitoshe, WSL 2 huwasha ile Virtual Machine Platform niliyoitaja hapo juu, kwa hiyo ukiwa nayo halafu ukasakinisha VirtualBox, utamkuta kobe anakusubiri.

Karani_Tandahimba

Wakubwa, shikamooni. Mimi siyo mwanafunzi, ni karani wa chama cha msingi cha ushirika huku Tandahimba, na swali langu linafanana na la kijana ingawa linatoka upande mwingine. Tuna programu ya zamani ya kutunza kumbukumbu za kilo za korosho za kila mkulima, iliyotengenezwa wakati wa Windows 7. Kompyuta iliyokuwa nayo imechoka, na kamati imenunua mpya yenye Windows 11 Pro, ambamo programu ile inakataa kufunguka. Mtengenezaji wake hapatikani tena. Kumbukumbu za misimu iliyopita zimo humo, na wakulima huja kuulizia malipo yao mnada unapokwisha. Je, mashine pepe inaweza kuiendesha, na kwa kuwa yetu ni Pro, tutumie Hyper-V? Tena mizani yetu ya ghalani imeunganishwa na kompyuta kwa waya wa ile pini tisa.

Fundi_Lindi

Marahaba, ndugu Karani. Swali lako ni zito kuliko la kijana, na ndiyo kazi ambayo mashine pepe huifanya vizuri kuliko njia nyingine yoyote: kuuweka mfumo wa zamani ndani ya kompyuta mpya.

Kwa hali yako nisingechagua Hyper-V ingawa unayo, na sababu ni ile mizani. Hyper-V haina njia nyepesi ya kuukabidhi mfumo wa ndani kifaa cha USB au mlango halisi wa pini tisa uliochomekwa nje, kwani ilijengwa kwanza kwa ajili ya seva, ambako vifaa vya namna hiyo ni nadra. VirtualBox na VMware zote mbili zinaweza. Kwenye VirtualBox, mipangilio ya mashine ina sehemu ya Serial Ports, ambapo unauelekeza mlango wa COM1 wa ndani kwenye mlango halisi wa kompyuta. Kompyuta mpya kwa kawaida haina mlango wa pini tisa, kwa hiyo utanunua waya wa kugeuza kutoka pini tisa kwenda USB, kisha kifaa hicho cha USB unakikabidhi chote kwa mashine pepe na kusakinisha draiva yake, yaani programu ya kukiendesha, ndani ya Windows 7. Hakikisha kabla ya kununua kwamba waya huo una draiva ya Windows 7. Mengine ya mizani, kama vile kasi ya mawasiliano, yanabaki vile vile yalivyokuwa kwenye kompyuta ya zamani, hivyo yaandike kwenye karatasi kabla haijazimika moja kwa moja.

Kwa kuwa kompyuta ya zamani bado inawaka, huhitaji kusakinisha Windows 7 upya na kuhangaika na programu ambayo mtengenezaji wake hayupo. Microsoft wana zana ndogo ya bure iitwayo Disk2vhd, ambayo huigeuza diski nzima ya kompyuta inayofanya kazi kuwa faili moja. Ondoa alama kwenye chaguo la Vhdx ili upate faili la VHD, ambalo VirtualBox hulifungua bila kulibadilisha, na lihifadhi kwenye diski ya nje yenye nafasi ya kutosha. Lazima nikueleze pia kwamba leseni ya Windows iliyokuja na kompyuta kwa kawaida hufungwa kwenye kompyuta ile ile, hivyo kamati ijiandae kwamba Windows 7 inaweza kudai kuthibitishwa upya, na suala la leseni mlimalize kihalali.

Microsoft waliacha kuilinda Windows 7 tarehe 14 Januari 2020. Mashine pepe yenye kumbukumbu za malipo ya wakulima na mfumo usiolindwa haipaswi kuigusa intaneti hata siku moja. Kwenye mipangilio ya mtandao ya mashine hiyo, ondoa kadi kabisa. Taarifa za kutoa nje zipitishe kwenye folda ya pamoja, kisha uzichapishe kutoka Windows 11. Na kwa kuwa ninyi ni ofisi, msisakinishe Extension Pack bila kuilipia. Kwa kazi hii hamuihitaji.

Karani_Tandahimba

Nashukuru sana, mzee wangu. Nitaanza na hiyo nakala ya diski wiki hii, kabla msimu haujafunguliwa na foleni ya ghalani kuanza. Lakini naomba ufafanuzi mmoja: ile snapshoti uliyomweleza kijana, inatosha kuwa nakala ya akiba?

Mzawa_Mikindani

Nimjibu mimi kwa niaba ya Fundi: haitoshi. Snapshoti inakaa kwenye diski ile ile na inalitegemea faili mama la mashine. Diski ikifa, vyote vimekufa pamoja. Zima mashine pepe, nenda kwenye menyu ya File, chagua kuihamisha kama faili la OVA, yaani faili moja lenye mashine nzima, na faili hilo lipeleke kwenye diski ya nje inayokaa jengo jingine. Faili la OVA hufunguliwa na VirtualBox na kwa kawaida hata na VMware, kwa hiyo hamtafungwa na programu moja. Msirundike snapshoti nyingi, kwa kuwa kila moja inaendelea kuvimba kadiri mnavyofanya kazi na siku moja mtakuta diski imejaa.

Nachingwea_Juu

Kwa wale ambao kompyuta zao tayari ni Linux, naona wote mmewasahau. Tangu toleo la 2.6.20 la mwaka 2007, kiini cha Linux kina KVM, kipengele cha kuendeshea mashine pepe, ndani yake, na KVM ikiunganishwa na programu ya QEMU ya Fabrice Bellard inakupa mashine pepe zenye kasi inayokaribia kompyuta halisi. Asiyetaka kuumiza kichwa asakinishe GNOME Boxes, na anayetaka kupanga mambo yake kwa undani achukue virt-manager. Kwenye Linux sioni sababu ya kupakua VirtualBox wala VMware, ambazo moduli zake hukataa kuwaka mara kwa mara kiini kinaposasishwa.

Fundi_Lindi

Kweli kabisa, na mimi mwenyewe kwenye kompyuta yangu ya Linux natumia virt-manager. Ila tusimwambie mtu mwenye Windows ahamie Linux ili apate programu nzuri ya kujifunzia Linux.

Binti_Masasi

Na mwenye Mac ya M1? Mdogo wangu anayo, na kila maelezo anayofuata hufika mahali mashine inagoma kuwaka.

Nachingwea_Juu

Mac hizo zina kichakataji cha aina ya ARM, kwa hiyo mfumo wa kuweka ndani lazima uwe wa ARM pia, yaani faili la Ubuntu au Debian lililoandikwa arm64. Bila shaka amekuwa akipakua lile la amd64, la vichakataji vya Intel na AMD, ambalo sote tunalitumia. Aanze na UTM, ambayo ni bure na imejengwa juu ya QEMU. VMware Fusion nayo ni bure siku hizi, na VirtualBox kuanzia 7.1 inazikubali Mac hizo kwa mifumo ya ARM tu.

Kijana_Chikongola

Nawashukuru nyote. Nimefuata maelekezo: kwenye Task Manager paliandikwa Disabled kama Fundi alivyotabiri, nikaingia BIOS na sasa imewaka. VirtualBox imekwisha kusakinishwa. Sasa nimekwama kwenye kuchagua Linux yenyewe, kwa sababu Ubuntu niliyoiona ni zaidi ya GB 5, na naogopa RAM ya GB 8 kugawanywa. Tena umeme wa mtaani kwetu una tabia ya kukatika, na betri ya kompyuta hii inadumu kwa muda mfupi.

Fundi_Lindi

Hapa ndipo ulipo uzito wa jambo lako, kwa maoni yangu, kuliko hata pale kwenye VirtualBox na VMware. Mfumo mzito ndani ya mashine pepe utakuchosha uwe na programu yoyote ile. Ubuntu ya kawaida toleo la 24.04 inapendekezewa RAM ya GB 4 na diski ya GB 25, na kwenye diski yako ya kuzunguka itajikokota. Chukua Debian yenye Xfce, mazingira mepesi ya picha, uipe RAM ya GB 2, viini 2 vya kichakataji na diski ya GB 20 inayokua kidogo kidogo. Windows itabaki na GB 6, na dada atafungua hesabu zake bila kununa. Diski inayokua ina tabia yake: ukifuta mafaili ndani, faili lake upande wa nje halipungui lenyewe. Usipakulie filamu humo.

Kuhusu bando, faili dogo la Debian liitwalo netinst halifiki GB 1, lakini usidanganyike na udogo huo, kwani vilivyobaki huvuta kwenye intaneti wakati wa kusakinisha, na mtandao ukikatika katikati unaanza kulalamika. DVD ya kwanza ni takribani GB 4 na inasakinisha mfumo wote bila intaneti. Njia ya busara kwenu wanafunzi ni mmoja kuipakua kwa bando la usiku na wengine kuinakili kwa flashi. Flashi ya rafiki si lazima uiamini kwa macho: kwenye Windows fungua dirisha la amri, andika `certutil -hashfile`, acha nafasi, weka jina la faili, acha nafasi, kisha neno SHA256. Namba ndefu itakayotoka ilinganishe na iliyoandikwa kwenye tovuti ya Debian. Zikitofautiana hata herufi moja, faili lifute.

Umeme ukikatika, usisubiri betri iishe. Funga dirisha la mashine pepe, na VirtualBox itakuuliza ufanye nini. Chagua kuhifadhi hali ya mashine. Yote yaliyo kwenye RAM yataandikwa kwenye diski, na umeme ukirudi utaendelea pale pale ulipoachia mstari. Kwenye diski ya kuzunguka kazi hiyo huchukua muda, kwa hiyo ianze betri ikiwa bado na chaji ya kutosha. Ukibahatika kupata fedha, nunua SSD kabla ya kuongeza RAM, hata kama ni ya GB 240.

Kijana_Chikongola

Nimeelewa, mwalimu wangu. La mwisho: kwenye mtandao kuna NAT, Bridged, Internal na nyinginezo. Nimetengeneza mashine mbili kwa ajili ya zoezi, zote zina intaneti kupitia simu yangu, lakini haziwezi kuonana. Cha ajabu, zote mbili zinaonyesha anwani moja, 10.0.2.15.

Fundi_Lindi

Hakuna hitilafu hapo. Kwenye NAT ya kawaida ya VirtualBox, kila mashine huwekewa ruta yake ya peke yake, na ruta hizo zote hugawa anwani zile zile. Kila mashine inajiona iko peke yake duniani, kwa hiyo hazina njia ya kuonana. NAT ndiyo chaguo sahihi kwa mashine moja inayohitaji intaneti tu, na ndiyo maana programu hukupa hiyo bila kuuliza.

Bridged huifanya mashine pepe ionekane kwenye mtandao wako kama kompyuta nyingine kamili inayoomba anwani yake kwa ruta. Kwa waya ni nzuri sana. Kwa Wi-Fi ya simu huwa ina ukorofi, kwa sababu vifaa vingi vya Wi-Fi havipendi kuona kompyuta mbili nyuma ya kadi moja. Usianzie hapo.

Kwa zoezi lako, zima mashine zote mbili. Ya kwanza iachie kadi ya NAT, kisha uiongezee kadi ya pili ya aina ya Internal Network. Ya pili iondolee NAT na uipe Internal Network peke yake, kwa jina lile lile la mtandao. Ndani ya Debian zipe kadi hizo za Internal anwani kwa mkono, mathalani 192.168.10.1 kwa ya kwanza na 192.168.10.2 kwa ya pili, kwani mtandao huo hauna wa kuzigawia. Zikishapeana ping, yaani amri ya kupima kama zinaonana, mashine ya kwanza inaweza kufanywa ruta ya kuipa ya pili intaneti, na bila shaka mwalimu wako ataifikia mada hiyo kabla muhula haujaisha. Chukua snapshoti ya zote mbili kwanza, halafu ujaribu mwenyewe.